Mikono Iliyofunga Mianzi

Wiki mbili zilizopita mlinifanyia chai ya kuniaga, mkanipa mwavuli, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya wote: "Mzee Selemani, hivi mwanzi wa kuvulia unachaguliwaje?" Nikacheka, nikamwambia nitaandika. Mwavuli ni mzuri, ahsanteni sana. Miaka yote niliyokuwa nikitoka Temeke kwa miguu kuja mjini mvua ilininyea wala sikuwa nao. Sasa naweza kukaa ndani ikinyesha, ndipo nimeupata.

Mmeingia karakanani wakati mianzi inakwisha. Fito za nyuzi za kioo zinazoletwa siku hizi hutoka kiwandani zimekamilika, na zikivunjika hutupwa. Kwa hiyo huenda haya yasiwafae kwa kazi. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu kuna jambo ambalo watu wa duka wamelijua nusu nusu, na ningependa nyinyi mlijue lote, tena kutoka kwangu.

Nilianza miaka michache kabla ya vita vya pili. Nilikuwa seremala wa vitanda Gerezani, na niliposikia kwamba duka moja la vifaa vya uwindaji na michezo linataka mtu anayejua randa, nikaenda na randa yangu mkononi. Mbele palipendeza: bunduki ukutani, raketi za tenisi, matandiko ya farasi yananukia ngozi. Nyuma, kwenye mlango unaoangalia uchochoro, ndiko ilikokuwa karakana, na ndani yake mtu mmoja tu, Fundi Sebastiani.

Alikuwa Mgoa mfupi, shati jeupe kalifunga vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa Februari. Kwao alifundishwa kutengeneza fidla. Hapa Dar es Salaam fidla zilikuwa chache, na Wazungu waliokalia mianzi yao ya kuvulia ndani ya gari walikuwa wengi, basi akahamia huko. Aliitazama randa yangu, akaiweka pembeni kwa adabu, akanipa yake, ndogo, isiyozidi kiganja.

"Wewe umezoea mbao," akasema. "Mbao husamehe. Mwanzi hausamehi."

Nilidhani mwanzi wa kuvulia ni mwanzi mzima uliokatwa porini. Sivyo. Mwanzi mnene kutoka Uchina hupasuliwa vipande sita vyembamba, kila kipande kikapigwa randa kiwe na pande tatu, kisha vyote sita vikagandishwa pamoja vikawa ufito mmoja, chini mnene kama kidole, juu mwembamba kama njiti ya kiberiti. Siku ile ya kwanza niliharibu vipande vyote nilivyopewa. Fundi Sebastiani alivikusanya, akavifunga kwa kamba, akavitundika juu ya meza yangu, vikakaa hapo karibu mwaka mzima. Hakunifokea hata mara moja. Ningependelea anifokee.

Alinieleza kwa nini mwanzi huu lazima uwe mwepesi hivyo. Huko milimani kwenye mito ya baridi Wazungu walipandikiza samaki anayeitwa trauti, ambaye hula wadudu wanaotua juu ya maji. Anayemvua hatumii chambo wala timazi ya kuuzamisha mshipi. Kwenye ndoano hufunga manyoya ya kuku mpaka ifanane na inzi. Inzi huyo hana uzito wowote, hawezi kutupwa. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mshipi mzito wa hariri, na mwanzi ndio unaoubeba. Unaupeleka nyuma, unangoja mshipi unyooke mgongoni kwako, ndipo unauleta mbele. Kule kungoja ndiko kunakowashinda watu.

Basi, kuchagua. Fundi Sebastiani hakumruhusu mteja achague ndani ya duka. Ndani, alisema, kila mwanzi ni mzuri. Kwanza uunge sehemu zake mbili, uuweke usawa wa jicho na utazame kama unavyotazama ubao uliopinda, huku unauzungusha polepole. Angalia vifundo: vya vipande vyote sita visikutane mahali pamoja, maana hapo ndipo utakapovunjika. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukikwama, gundi imeachia. Vuta vikuku vya shaba vinavyounganisha sehemu ya chini na ya juu, usikilize. Vizuri hutoa mlio kama chupa inayozibuliwa. Halafu toka nje kwenye majani, tia mshipi, rusha. Mwanzi uliokuwa mwepesi dukani unaweza kukuchosha kabla ya saa moja kwisha, na ule ulioudharau ukafanya kazi wenyewe. Mtu mrefu asidanganyike achukue mrefu. Mto mdogo wenye miti hutaka mfupi. Mwisho alikuwa akimwambia mteja: "Kama wakati wa kurusha unaufikiria mwanzi, urudishe. Kama unamfikiria samaki, uchukue."

Jumapili moja, baada ya misa yake, alinichukua tukaenda Pugu kutazama mianzi ya huko, kama inaweza kushika nafasi ya ile ya Uchina. Tulikata mmoja, tukaupasua palepale. Ukuta wake ulikuwa mwembamba, ndani laini kama muwa uliochacha. Tukakaa juu ya gogo, tukala mkate na ndizi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba, wimbo wa kwao, sauti ya chini. Sijui kwa nini katika miaka yote ya kazi siku ile ndiyo hunijia kwanza. Hatukupata kitu.

Mwanaidi nilimuoa mwaka wangu wa pili kazini. Alikuwa mtoto wa Mtoni, msukaji wa mikeka, na watu walitoka Mbagala kuja kuagiza mikeka ya harusi za mabinti zao. Tulipanga chumba Temeke, nyumba yenye ua mpana wa nyuma. Ua ule ndio ulioleta mambo yote.

Masika, vanishi haikaukii karakanani. Uchochoro hauna jua, hewa ina chumvi, na mwanzi uliopakwa Jumatatu hunata mpaka Ijumaa. Meneja alikuwa ameweka amri kwamba kitu cha mteja kisitoke nje ya duka kwa sababu yoyote. Nami nikaanza kuitoa mianzi, nimeikunja ndani ya jamvi, naipeleka uani Temeke ikakauke. Fundi Sebastiani aliniona nikitoka na jamvi, akaniuliza kama nahama. Nikasema ndiyo, kidogo kidogo. Akarudi kwenye kazi yake.

Kazi niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa kufunga pete. Pete ndogo za chuma ambamo mshipi hupita hufungwa kwenye mwanzi kwa uzi wa hariri, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja umeulalia mwenzake bila nafasi na bila kupandana, na ncha ya uzi huvutwa chini yake yenyewe ili fundo lisionekane. Mikono yangu ilikuwa ya vitanda. Asubuhi moja nilikuwa uani nafunga, nafungua, nafunga, Mwanaidi akaacha ukili aliokuwa akiusuka akasimama akinitazama.

"We Selemani, huo uzi umekukosea nini?"

"Unateleza."

"Unateleza kwa sababu unaukaba. Lete."

Akakaa mkekani, akaulaza mwanzi mapajani, akawa anauzungusha mwanzi badala ya uzi. Mimi siku zote nilikuwa nauzungusha uzi. Sikuwa hata nimemaliza kunywa chai, pete ikawa imefungwa, na nilipopitisha ukucha juu yake sikusikia kitu, kama napitisha juu ya kioo.

Tangu siku ile nilipiga randa, nikagandisha, nikapaka vanishi, na Mwanaidi akafunga. Tena yeye ndiye aliyetibu ugonjwa uliotusumbua sote: hariri nyekundu au ya kijani ikiguswa na vanishi hugeuka rangi ya matope. Alichukua gundi ya mkorosho, ile inayotiririka kwenye gome, akailoweka, akaichuja kwa kitambaa, akaupaka uzi kabla ya vanishi. Rangi ikabaki ilivyo. Karakanani nilipoulizwa nimefanyaje, nilisema nimejaribu-jaribu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ubaya wangu, na sikuuona kuwa ubaya. Nilijiambia nalinda kazi, maana wangejua mianzi inatoka nje ningefukuzwa. Ilikuwa kweli. Lakini pia nilipenda kusifiwa.

Kutokana na vipande vilivyokataliwa nilitengeneza mwanzi wetu wenyewe, mfupi, wenye viraka, nao Mwanaidi aliufunga kwa hariri ya rangi zote zilizobaki, kama kanga. Jumapili asubuhi, maji yakijaa, tulikwenda nao Mtoni, pale mto Kizinga unapokutana na bahari. Watu wa kwao walikuja kutuona.

"Haya, Mwanaidi na mumewe wanayachapa maji viboko!" shangazi yake alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Yamewakosea nini?"

Mwanaidi hakujali. Alikuwa akirusha vizuri kuliko mimi, kwa sababu alijua kungoja. Alikuwa akiachia mshipi unyooke nyuma mpaka mimi moyo unanidunda, ndipo anauleta. Kolekole wadogo waliyapenda yale manyoya, na shangazi akaacha kucheka akaleta kapu. Tukirudi nyumbani nilivisuuza vikuku vya shaba kwa maji ya kisima, maana chumvi huvila, na yeye akipara samaki alikuwa akinisimulia tena, mmoja mmoja, jinsi kila mmoja alivyokuja, kana kwamba sikuwapo. Zuhura, binti yetu, alizaliwa miaka ile. Vita vikaja, mianzi ya Uchina ikaacha kuja, tukawa tunaunga vipande vya zamani. Vita vikaisha.

Mteja ninayetaka kuwaambia habari zake alikuja mwaka mmoja au miwili baadaye. Aliitwa Bibi Harrow, mwalimu wa shule moja huko milima ya Usambara, mama wa makamo, amekauka na jua, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alifungua kanga ya zamani juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na mwanzi wa marehemu baba yake ulioangukiwa na sanduku melini. Vipande nane, na vingine vimechanika kama ufagio.

"Nimeambiwa na mafundi wawili kwamba haufai," akasema. "Ninyi ni wa tatu. Mkisema haufai, nitaamini."

Macho ya Fundi Sebastiani yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alivigusa vile vipande kwa vidole, kimoja kimoja. "Selemani?" akaniuliza.

Nikasema unafaa.

Ulituchukua miezi mitatu. Nilivipachika vipande vipya ndani ya vya kale kwa maungio marefu, ya mshazari, na kila ungio lilihitaji kufungwa kwa hariri nyembamba sana, isiyo na rangi, ili isionekane. Mwanaidi alifunga asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu jasho huchafua hariri. Mara mbili alifungua kazi ya wiki nzima. Nilimwambia inatosha, hakuna atakayejua. Akanijibu, "Baba yake yule mama kashika hapa. Atajua."

Siku Bibi Harrow alipokuja kuuchukua, meneja alikuwepo karakanani. Yule mama aliuunga mwanzi, akapitisha kidole gumba kutoka chini mpaka juu, polepole, akafika mwisho akarudi tena. Macho yakamjaa machozi. Akasema, "Nani aliyefunga nyuzi hizi? Nataka kumshika mkono."

Meneja alinitazama. Fundi Sebastiani aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema. Nikasema, "Ni mimi, memsahib."

Akanishika mkono, kwa mikono yake yote miwili.

Jioni ile Mwanaidi alikuwa akinisubiri mlangoni, jambo asilolifanya kwa kawaida. "Haya, alisemaje?"

"Kafurahi mno, mpaka kalia machozi."

"Kauliza nani kafunga?"

Hapo hapakuwa na meneja wala amri ya duka. Tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Hakuuliza."

Akasema, "Ahaa," akaingia ndani kupakua chakula.

Miezi kadhaa baadaye Bibi Harrow aliandika barua dukani akiomba niruhusiwe kwenda kwake likizo fupi, nione mwanzi ukifanya kazi mahali pake. Meneja alifurahi, ilikuwa sifa kwa duka. Nikapanda basi mpaka Korogwe, halafu lori la kupandia milima ya Lushoto. Mwanaidi alinifungia mihogo ya kuchoma na kuniazima kanga yake nzito ya kujifunika, akaniambia nitazame mto vizuri ili nije kumsimulia.

Sikuwahi kuona maji kama yale. Meusi kwenye vivuli, meupe kwenye mawe, baridi ya kuuma meno. Asubuhi nilivua, nikakosa, nikavua tena, na karibu saa tano pete moja ya mwanzi wa Bibi Harrow ilinasa kwenye tawi, uzi ukakatika.

"Bahati njema fundi yupo," akasema, akanipa hariri kutoka mfuko wa vifaa vyake, akaketi juu ya jiwe mbele yangu.

Nilifunga. Nikafungua. Nikafunga tena. Alinitazama muda mrefu, kisha akainama akaangalia kazi yangu, akaangalia pete iliyo jirani yake. Hakuhitaji miwani.

"Si wewe," akasema.

"Si mimi."

"Ni nani?"

"Mke wangu. Anaitwa Mwanaidi."

Nilitaka anikaripie. Akasema tu, "Basi nimemshika mkono mtu mwingine," akauchukua mwanzi, akaenda kuvua mbali kidogo. Nilirudi Dar es Salaam siku mbili kabla ya likizo kwisha.

Nilimweleza Mwanaidi uani, asubuhi, Zuhura akiwa kwa bibi yake. Nilimweleza yote. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha kuchambua.

"Uongo wa dukani nauelewa," akasema baadaye. "Ungefukuzwa. Lakini huu wa hapa mlangoni, Baba Zuhura, ulikuwa wa nini? Mie ningekufukuza?"

"Niliona haya."

"Uliona haya, ndiyo ukaninyima mkono wa watu."

Aliirudisha hariri yote kwenye kopo lake, akalifunika, akaniletea. Akarudi kwenye mikeka. Kila nilichohitaji nyumbani nilikipata, chakula, maji ya kuoga, maneno ya kawaida. Mianzi haikuguswa.

Ikabidi nifunge mwenyewe. Wiki ya tatu Fundi Sebastiani alichukua mwanzi niliomaliza, akapitisha vidole, akaurudisha.

"Amekuacha?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenye mikono. Najua tangu mwaka ule wa jamvi. Wewe hujawahi kufunga vile hata siku moja."

"Mbona Fundi hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akasema. "Nimengoja sana, Selemani."

Siku ileile nikaenda kwa meneja. Nikasema mianzi ilitoka nje ya duka miaka yote hiyo, na kwamba aliyeifunga ni mke wangu. Hakunifukuza. Alinitoa mezani, akanipeleka kupaka mafuta bunduki na kufagia stoo, na mianzi ikawa inatumwa Nairobi. Nilikuwa fundi wa watu kuniulizia kwa jina. Nikawa mtu wa matambara. Nililistahili lile fagio, lakini sitasema nililipenda. Nilipomwambia Mwanaidi nilichofanya, aliniuliza kama nililitaja jina lake. Nikasema nililitaja lote, na la baba yake.

"Haya," akasema. Usiku ule alinipakulia kipande kikubwa cha samaki.

Karibu mwaka ukapita. Wateja walianza kuirudisha mianzi iliyotoka Nairobi, na Bibi Harrow alimwandikia meneja barua ambayo sikuisoma, ila niliona uso wake alipokuwa akiisoma. Akaniita. Akaniuliza kama mke wangu angekubali kufungia duka kazi, nyumbani kwake, kwa idhini. Nikamwambia siwezi kumjibia, amwulize mwenyewe. Basi meneja yule alikuja Temeke kwa gari lake, akakwama kwenye mchanga, akafika uani kwa miguu, viatu vimejaa. Mwanaidi alimkaribisha mkeka, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema atafanya, lakini kila Jumamosi ataileta kazi dukani yeye mwenyewe, kwa mlango wa mbele. Na ndivyo ilivyokuwa. Baadhi yenu mlimwona, yule mama wa buibui aliyekuwa akipita katikati ya bunduki na raketi na mzigo wa mianzi kichwani, akiitikia shikamoo zenu. Kwa nje mlidhani ananiletea chakula.

Fundi Sebastiani aliondoka baada ya hapo, macho yakiwa yamefunga kabisa. Tulimpeleka bandarini. Mwanaidi alimpa mkeka; aliugusa ukingo wake wote kabla ya kukubali kupanda meli. Barua moja ilikuja, imeandikwa na mpwa wake. Ya pili haikuja.

Mwaka uliofuata Bibi Harrow alitualika wote wawili. Nilikuwa na hofu njia nzima. Tulipofika alishuka ngazi za nyumba yake, akanipita mimi, akasimama mbele ya mke wangu, akasema, "Bi Mwanaidi, nimechelewa sana." Wakaenda jikoni. Mimi niliachwa na mizigo.

Kesho yake Mwanaidi alifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akaingia kwenye yale maji ya baridi kama mtu anayeingia chumbani kwake. Alichukua mwanzi wetu wa viraka, akaukataa ule mzuri aliopewa. Chini ya miti pale hapana nafasi ya kurusha nyuma, naye akaugeuza mkono, akaulaza mshipi pembeni, chini ya matawi. Trauti alimchukua mara ya nne.

"Mpe mshipi, mpe mshipi!" Bibi Harrow alipiga kelele.

"Nimempa! Huyu anataka na mkono!"

Alimtoa. Alikuwa mrefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, ubavu una madoa, na Mwanaidi alicheka mpaka akakaa ndani ya maji. Tulimla mchana, kakaangwa kwa siagi. Akatafuna, akafikiri, akaninong'oneza: "Samaki mzuri wa sura. Ila hana chumvi, maskini."

Kwenye lori wakati wa kushuka aliniegemea, akasema, "Mwakani tusikose." Nikasema hatutakosa. Mwaka huo ulipofika, kazi ilikuwa nyingi dukani. Mwaka uliofuata mvua ilikata barabara. Uliofuata tena niliomba likizo, nikaambiwa ningoje, nikangoja, na sikuomba mara ya pili. Yeye aliuliza kila mwaka, bila kulalamika, kama mtu anayeuliza kama maji yamejaa. Halafu kifua kikaanza kumsumbua, akawa anafunga pete mbili anapumzika. Kazi yake ya mwisho aliimaliza, haikuwa na kasoro. Tumemzika Mtoni, kwao. Hii inakwenda miaka mitatu.

Nilibaki kazini kwa sababu sikujua pa kukaa wakati wa mchana. Nyinyi mlikuwa wema kwangu. Mlinipa kazi nyepesi mkadhani sioni.

Sasa nina siku zote nilizokuwa naziomba. Jumatatu iliyopita nilimwambia Zuhura nasafiri kidogo, nikapanda basi la Korogwe. Bibi Harrow amekwisharudi kwao, lakini mpishi wake yupo, alinikumbuka, akanipa chumba. Asubuhi nilishuka mtoni na ule mwanzi wa viraka. Niliuunga, nikautazama usawa wa jicho, umenyooka bado. Nikarusha kutwa nzima karibu na pale aliposimama Mwanaidi, pembeni, chini ya matawi, jinsi nilivyomwona akifanya. Alasiri nikapata mmoja. Alipigana vizuri. Nikamleta mpaka miguuni, nikamnyanyua kwa mikono miwili, mzito, madoa yanang'aa, na nikageuka kumwonyesha.

Nilisimama hivyo muda mrefu kidogo. Kisha nikainama, nikamrudisha majini.